Siku Tatu za Kuhesabu, Bahi

Mara ya kwanza nilipopewa kazi ya ndege
nilipewa debe na fimbo.
Nilikuwa na miaka saba. Mpunga ulikuwa unaanza kubeba maziwa,
mama akanipandisha kwenye ulingo wa miti minne
akasema: winga.
Nikawinga mpaka sauti ikaisha.

Leo nina thelathini na nne,
na Mbeleje wa wilayani amenipandisha ulingo uleule
(miti imebadilishwa, mashimo ni yale yale)
akanipa kidude cha chuma cha kubonyeza, tk, tk,
na karatasi yenye safu mbili: Jina. Idadi.
Usiwinge, akasema. Hata kukohoa usikohoe.
Elfu kumi na tano kwa siku, na soda.

Mto Bubu umeleta maji tangu wiki ya Krismasi.
Pale tulipopita na baiskeli mwezi wa kumi na moja,
vumbi la chumvi likitutulia kwenye nyusi,
sasa anga limelala chali.
Nao wameshuka humo usiku, hakuna aliyewasikia wakibisha hodi.

Kitwitwi kwanza. Wadogo, rangi ya tope,
wanakimbia ukingoni kama watoto waliotumwa chumvi
wakasahau njiani walichotumwa.
Mia mbili na sitini. Wakaruka wote, wakageuka,
mgongo hudhurungi, tumbo fedha,
wakatua. Nikaanza upya.
Mia mbili na arobaini.
Hao ishirini wamekwenda wapi,
au ni mimi niliyewazaa?

Sululu, mdomo umepinda kama sindano ya kushonea magunia.
Bata wa mkia mchongoko, wanazamisha vichwa
wanaacha matako juu, bila haya.
Korongo weupe hawakuja majini kabisa:
wako kwenye mtama wa Chilewa,
hatua za mkaguzi wa shule,
wanaokota viwavijeshi mmoja baada ya mwingine.
Chilewa amekaa mlangoni, anawatazama.
Mwaka huu hakukopa dawa.

Na yule mwembamba, miguu mirefu myekundu, sikulijua jina lake.
Mbeleje akafungua kitabu, akakifunga.
Nikaandika: Aliyepandisha suruali. Kumi na tisa.

Mama alipita na kikapu cha mlenda.
"Mnawahesabu ili muwatoze kodi?"
Nikamwambia wanatoka Ulaya, wamekimbia baridi.
Akacheka mpaka akashika mti wa ulingo.
Halafu akauliza,
"Sasa kwao ni wapi? Wanakotagia, au wanakoshiba?"
Karatasi haikuwa na safu ya hilo.

Hawa hawali mpunga. Nimelijua siku ya pili, saa nne asubuhi,
nikiwatazama wakichomoa minyoo kwenye tope.
Mwizi alikuwa kwelea kwelea, peke yake.
Miaka yote ile debe langu halikuchagua.

Siku ya tatu kaka yangu Malogo alikuja na kiberiti.
Ndani hamna njiti: kuna kipete,
chepesi, kidogo kuliko tundu la kifungo.
Alikikuta mwaka juzi kwenye mguu wa kitwitwi
aliyenasa kwenye wavu wa perege
akafa kabla hakujapambazuka.
Kina namba, na neno ambalo herufi zake zimebanana
bila irabu ya kupumulia.
"Hawatanifunga?" akauliza.
Mbeleje akatikisa kichwa, akanakili namba polepole,
akairudia kusoma mara mbili.

Mimi nilikuwa nafikiria vidole.
Kuna mtu, sijui mji gani, alikishika kile kimguu
kama mtu anayeshika njiti inayowaka,
akabana kipete,
akafungua mkono.

Jioni nikaandika: Kitwitwi, 241.
Mbeleje akasoma, akanitazama.
"Waliokufa hatuwahesabu, Sechelela."
Nikalamba kidole, nikafuta ile moja.
Haikutoka vizuri.
Imebaki alama ya kijivu, ndogo, upande wa kulia wa namba,
na karatasi imepanda nayo gari kwenda Dodoma.