Usipigane na Maji

Saa mbili asubuhi, na Oulu bado giza.
Gari la kukwangua theluji linapita chini ya dirisha
kama mtu anayesaga meno usingizini.
Namimina kahawa kwa mkono wa kulia,
kwa kuwa wa kushoto umegoma.
Naupandisha ukutani, kidole baada ya kidole,
buibui mzee asiye na haraka:
jana uliishia kwenye msumari wa kalenda,
leo haujafika hata kwenye swichi ya taa.
Daktari anayaita mazoezi.
Mimi naona ninaomba ruhusa kwa mkono wangu mwenyewe.

Wiki sita tangu wanipasue.
Mrija umetolewa, na kichupa cha maji mekundu
nilichokuwa nikikitembeza mfukoni mwa koti
kama yai la kuazima.
Kovu limelala. Nisiyelala ni mimi.
Dada yangu Raili anapiga simu kutoka Kajaani:
"Mto umeshauvuka, Tuulikki. Mionzi ni kuanika nguo tu."
Naitikia. Nakata simu. Nakaa ukingoni mwa bafu
nikiogopa kitu kisicho na rangi wala harufu.
Heri kisu. Kisu unakijua makali yake.

Miaka thelathini na moja nimefundisha watoto kuogelea
katika bwawa la manispaa.
Klorini imenila nywele, kamba ya filimbi imenichonga shingo.
Vuta, niliwaambia. Jaza. Shika. Usipigane na maji,
maji hayana ugomvi na mtu.

Na sasa nimelala juu ya meza baridi,
mikono juu ya kichwa kama aliyesalimu amri,
nukta tatu za wino kifuani, ndogo kuliko ufuta,
na spika inasema: Vuta pumzi. Zuia.
Nikazuia sekunde nne.
Nne! Mimi!
Mapafu yakijaa, walinieleza, moyo husogea kando
na mwale hupita bila kuugusa.
Lakini moyo haukusoma karatasi ya maelezo.
Uligonga mlango kwa ngumi zote mbili.

Mashine ikanyamaza. Mlango mzito ukafunguka.
Akaingia kijana mrefu, beji yake: Eemeli.
Hakuniuliza kama naogopa.
"Mwalimu," akasema, "mimi ndiye niliyetapika kwenye njia ya tatu."

Nikamkumbuka. Kaptula ya kijani, magoti yakigongana,
aling'ang'ania ngazi vuli nzima
hadi siku niliyoweka kiganja chini ya mgongo wake
kisha nikakitoa, kimyakimya.
"Umekitoa saa ngapi?" aliniuliza, masikio majini, akielea.
Sikumjibu.

Alinifunika bega, akatoka.
Wote hutoka; ni sharti; ukuta ni mnene kuliko wa benki.
Spika ikakohoa.
"Vuta. Jaza. Shika. Usipigane na maji."
Nikacheka, kicheko kikaharibu kipimo,
ikabidi tuanze upya.
Sekunde kumi na moja.
Kisha kumi na tisa, macho yangu kwenye dari,
kwenye picha ya msitu iliyowashwa taa kwa nyuma,
pale pembeni ambapo balbu moja imekufa
na msonobari mmoja umebaki usiku.

Leo ilikuwa ya tisa. Zimebaki sita.
Siseme nimezoea. Kila asubuhi, kwenye maegesho,
tumbo hunigeuka kabla sijazima gari.
Ngozi imeanza kuwiva, inawasha,
na sauna nimekatazwa:
nakaa kwenye benchi la nje na koti langu
nikimsikia Kalervo akimwagia mawe maji,
ule mlio wa fsss, na harufu ya majani,
namwonea wivu mume wangu kama mtoto.

Jioni nikarudi ukutani.
Buibui akapita swichi ya taa,
akapita doa la rangi,
akagusa msumari.
Nilimwacha hapo kidogo.
Kama kuna kiganja chini ya mgongo wangu
sijui kama bado kipo,
wala sitauliza.