Mazoezi, Wadi Kabir

Chumba cha nyuma katupangisha Sajimoni,
mnyoosha bodi, riali sitini kwa mwezi, umeme mbali.
Mchana yeye hugonga milango ya Land Cruiser,
usiku tunagonga sisi.
Majirani hawajajua zamu hubadilika saa ngapi.

Jina letu Sadaa. Kwa Kiarabu ni kutu;
ukilivuta mwisho kwa namna nyengine, ni mwangwi.
Yarub aliyelichagua hakuwaza lolote,
alipenda tu herufi zilivyokaa kwenye fulana.
Fulana tulichapisha hamsini.
Arubaini na moja zimo kabatini kwa mama,
moja moja anafutia vioo.

Yarub ndiye mwimbaji, kama kunguruma ni kuimba.
Wiki mbili yuko Marmul, visimani kwenye mafuta,
wiki mbili yuko nasi, koo limejaa vumbi,
na vumbi hilo ndilo tunalolitaka.
Bibi yake, Bi Thuwaiba, mzaliwa wa Mkunazini,
aliyekuja huku na sanduku moja
mwaka ule ule waliokuja bibi zetu wote,
alimsikia chooni akijipasha sauti.
"Mwanangu, umekabwa na nini?"
Akamkorogea tangawizi na asali ya mkunazi.
Sasa hatuanzi bila chupa ile ya chai,
na kila wiki anauliza kama kifua kimepoa.

Shinuna yuko kwenye ngoma. Kazi yake daktari wa meno.
Anafika na harufu ya karafuu vidoleni,
anavua viatu, anavaa soksi nene,
miguu miwili inakwenda kama cherehani yenye hasira.

Miye besi. Nasoma mita za maji, Mabela,
nyumba themanini kwa siku, juani,
na kila geti la chuma lina noti yake:
la bluu linalia chini, la jirani yake juu kidogo.
Siku moja nimesimama nikaligonga mara tatu.
Mwenye nyumba akatoka. Nikamwambia nakagua.

Mwezi wa Pili tulialikwa Dubai.
Mpakani Hatta afisa akafungua ngoma kubwa.
"Ya nini?"
"Ya harusi," kasema Shinuna.
"Bwana harusi yuko wapi?"
Sote tukamwoneshea Yarub,
suruali nyeusi, shati jeusi, macho chini.
Afisa akampa mkono, akamwombea watoto.

Ukumbi ulikuwa bohari, Al Quoz.
Watu kumi na tisa, wanne wao bendi iliyotutangulia,
mmoja fundi wa kiyoyozi, ngazi begani.
Kwenye wimbo wa tatu akaiweka ngazi chini.
Kwenye wa tano kichwa chake kilikuwa kinakwenda,
taratibu, kama mtu anayekubaliana na jambo
alilobishania miaka.
Usiku ule sikuhisi mikono yangu.

Malipo: dirhamu mia tatu.
Petroli, mia na arubaini. Mikate ya kuku, sitini.
Rada ya Sohar tumeijua wiki ya pili,
na faini ikala zilizobaki, na zangu.

Mwezi wa Saba amplifaya ikaungua.
Mwezi wa Nane Anselmo, gitaa, mhasibu, mtu wa Goa,
kampuni imefungwa, visa imekatika,
ndege ya Alhamisi, saa tisa usiku.
Alikumbatia kila mmoja, kisha akaikumbatia spika.
Waya wake kauacha umechomekwa.
Ukiugusa ncha unavuma.

Hatujapata mwengine. Mmoja alikuja, ana kasi,
lakini hasikilizi.
Basi ikifika zamu yake ya peke yake
tunamwachia mapigo kumi na sita, hatujazi kitu.
Jana katikati ya nafasi ile
kompresa ya Sajimoni ikaamka ukutani,
ikalia noti moja, chini kidogo ya inavyotakiwa.
Yarub akanitazama. Nikaiteremsha besi ikaifuata.
Shinuna hakuacha kuhesabu.