Ringi Tano za Pijo

Bwana Kaijage ameshuka na meli ya asubuhi kutoka Bukoba,
shati limenyooka, kiatu kimekanyaga oili kabla hajasalimia.
Renatus amempangia ringi tano juu ya turubai,
hapa Mabatini, chini ya mawe yaliyobebana,
na mimi nimeitwa kusema ipi ya kiwandani, ipi ya kuigwa.
"Fundi Ng'walu ana macho," anasema Renatus.
Sina macho. Nina ukucha, nina ulimi,
nina spana namba kumi na saba.

Naanza na spana.
Nainua ringi kwa kidole ining'inie, nagonga mara moja.
Ya kwanza inalia ngooo, inakaa hewani
mpaka muuza miwa anageuka.
Ya pili hivyo hivyo.
Ya tatu inasema ta, inanyamaza,
kama mtoto aliyeulizwa nani kala sukari.

Naigeuza mgongo, natafuta muhuri.
Kiwandani kuna mtu alichoka, nyundo ikateleza,
saba ikalala upande, nne ikazama kuliko sita.
Hapa tarakimu zimesimama mstari, zote kina kimoja,
gwaride la shule siku mkaguzi anakuja.
Napitisha ukucha: rangi ni ngozi moja tu.
Gari la miaka hamsini hubadili nguo:
kijivu cha kuzaliwa, buluu ya mwenyewe wa pili,
nyeupe ya yule aliyelikodisha kwa maharusi,
nyeusi ya mwanawe, alipoligeuza la misiba.

"Lakini kutu, fundi! Tazama kutu!"
Naitazama. Kutu nzuri, nyekundu, imeenea kama upele.
Nagusa kwa kidole, napeleka ulimini.

Chumvi.

Renatus anatazama viatu vyake.
Ziwa letu lina magugu, lina konokono, lina kichocho,
chumvi halina.
Kutu ya hapa huanzia kwenye riveti, nyeusi kwanza,
huuma polepole kama deni la duka la jirani.
Hii imepikwa kwa ukwaju, wiki mbili, ndani ya pipa.

Ya nne ni ya kiwandani. Sina neno.

Ya tano
niliijua kabla sijaigusa.
Riveti zote zimeinama upande mmoja,
upande ambao nyundo ya mkono wa kulia haifiki.
Baba alikuwa wa mashoto.
Mwaka ule wa foleni za sabuni,
spea ilikuwa kitu cha kusikia redioni.
Daktari wa Bugando alipasua ringi kwenye reli, Mkuyuni;
baba akakata bamba la pantoni iliyokufa Kirumba,
akalipiga siku nne juu ya jiwe lenye shimo nyuma ya choo chetu.
Mimi nilishika koroboi.
Daktari alikwenda nayo Shinyanga, akarudi, akaenda tena.

Nagonga. Inalia vibaya, ngo-o,
na mkwaruzo mwishoni, kikohozi cha alfajiri.

"Ya kiwandani au ya kuigwa?"
Kaijage ameshika kalamu. Daftari lake lina safu mbili.

Nasema, "Ya kuigwa."
Ndicho alichonilipa nimwambie.

Amebeba tatu. Ile ya ukwaju Renatus ameibingirisha
hadi mtaroni, bila kunitazama.
Ya tano nimeinunua mimi, kwa bei ya chuma chakavu.
Mzani umesema kilo kumi na mbili na ushei,
nzito kuliko zote nne;
baba hakuliamini bamba jembamba.

Sasa imeegemea mlango wa gereji,
mpira wa maji umezungushwa ndani yake.
Kija, mwanangu, anauliza mbona siipigi rangi.
Nimempa spana.
Gonga, nimemwambia. Usiongee. Gonga.