Kigezo cha Tatu

Tjaša alipiga amri saa tano usiku,
jikoni, ghorofa ya nne, Maribor,
ukungu wa mto Drava umelala dirishani kama blanketi la mgonjwa,
na mashine ikaanza:
ikapita faili kwa faili,
ikichota kila neno lililoandikwa juu ya kila kitendakazi,
ikilifua, ikilianika kwenye kurasa nyeupe
zenye fahirisi pembeni na viungo vya buluu.

Vitendakazi mia tatu na kumi na viwili.
Arobaini na kimoja havina maelezo.
Mashine haikulaumu. Iliandika tu, kwa manjano,
onyo, onyo, onyo,
kama mwalimu wa zamu anayeita jina la mtoto asiyekuwepo
na kungoja kidogo
kabla ya kuita linalofuata.

Programu yenyewe ni ndogo, ya bure, ya watu wote:
inasoma vipimo vya mito, inasema maji yamefika wapi.
Wanaitumia wakulima wa mpunga bonde la Po,
mwanafunzi mmoja wa Gdańsk, na mtu fulani wa Chile
ambaye kila mwezi huuliza swali lile lile:
rekebisha_kina huchukua vigezo vitatu.
Cha kwanza kina. Cha pili tarehe.
Cha tatu kinaitwa z.
z ni nini?

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Hii haikupotea. Ilikuwapo, ilifanya kazi,
miaka kumi na mitatu, chaguomsingi nne,
na hakuna aliyethubutu kuigusa,
kama swichi ya nyumba ya kupanga
isiyojulikana inawasha taa gani.

Asubuhi akampigia Vojko,
aliyeiandika, kisha akaacha kompyuta akafuge nyuki Pohorje.
Nyuma yake mbwa alibweka, ndoo ikaanguka.
"z?" Akacheka. "Ah, z! Ile nguzo!
Barafu ya Februari iliisukuma nguzo ya kipimo, pale chini ya bwawa,
ikainama. Sentimita nne.
Niliwaandikia manispaa barua tatu. Kimya.
Basi nikainyoosha mwenyewe, ndani ya msimbo."
"Na hukuandika popote?"
"Nilijua nitakumbuka."
Na kweli alikumbuka. Ila hakuna aliyemuuliza.

Akaandika mstari mmoja juu ya kitendakazi:
z, mwinamo wa nguzo, kwa sentimita.
Kidole kikasita juu ya kitufe.
Nguzo inainama, au iliinama?
Silabi moja ya wakati, -na- au -li-,
na msimbo hauwezi kukuambia.

Jumamosi akapanda basi la mapema,
akashuka kwenye kituo kisicho na kibanda,
akateremka ukingo wa matope kati ya mierebi mitupu.
Nguzo ilisimama majini, ya chuma, mpya,
nyekundu kwa nyeupe, wima kama askari wa gwaride.
Bamba dogo lilitaja mwaka iliyobadilishwa.
Miaka sita iliyopita.

Akasimama pale, viatu vikinywa maji polepole,
akifanya hesabu asiyoitaka:
kila asubuhi mto umetangazwa chini kidogo ya ulipo.
Na yule mtu wa Chile, miaka yote,
amekuwa akinyoosha nguzo asiyowahi kuiona.
Sentimita nne si kitu.
Sentimita nne ni kizingiti cha mlango wa mtu.

Usiku akabadilisha nne kuwa sifuri.
Juu yake akaandika aya nzima: barafu, barua tatu,
Vojko, basi, bamba.
Aurelijus wa Kaunas, anayekagua kila badiliko, akajibu:
"Marefu mno kwa kigezo kimoja."
Hakuyapunguza.

Kisha akapiga amri tena.
Mashine ikapita, ikachota, ikaanika.
Yakabaki maonyo arobaini.
Na chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo,
ikagonga muhuri wake wa siku zote:
Umetengenezwa na mashine, bila mkono wa mtu.
Soksi zilikuwa bado zinakauka juu ya kipasha joto.