Kamba ya Mafundo Matano

Nasikia huko kiwandani mnabishana:
gari lijalo lirefushwe shubiri mbili
au lipunguzwe shubiri mbili.
Hamjaniuliza. Najibu hivyo hivyo.

Jumatatu nilishuka Kisumu na kamba ya katani,
ile iliyomfunga ndama wetu kabla hajauzwa.
Nilikuwa nimeipiga mafundo matano:
hapa, upana wa lango letu Chavakali,
alilolijenga baba enzi za baiskeli;
hapa, nafasi kati ya tangi la maji
na kaburi la mama, ambalo hatulisogezi;
hapa, kina cha korongo la mvua mbele ya kanisa;
hapa, kiti cha magurudumu cha baba, kikikunjwa;
na hapa, goti lake:
kimo cha mwisho anachoweza kukipanda
bila kuniomba msamaha.

Yadi iko kando ya barabara ya Kakamega.
Vumbi la asubuhi lilishafutwa kwenye boneti zote.
Muuzaji, Abungu, shati jeupe, viatu vya ncha,
alinipeleka moja kwa moja kwa kubwa kuliko yote,
akaliegemea, akaghani:

    Gari kubwa ni heshima, mlangoni likifika,
    Majirani husimama, wivu ukiwachemka,
    Matope huyatazama, kama rangi ya kupaka,
    Dogo ni la kusukuma, kilimani likichoka.

Nikacheka. Ajuaye vina hakosi mteja.
Kisha nikainama na kamba yangu.

Lile kubwa lilimeza kiti bila kutafuna.
Korongo? Lingelivuka likipiga miayo.
Lakini goti la baba lilibaki chini, chini kabisa,
na mbavu zake zililishinda lango kwa kiganja kizima.
Ningeliacha nje usiku,
nilale jicho moja kama mwenye deni.

Lile dogo la nyuma, rangi ya ganda la njugu,
lingepita langoni, lingempita mama kwa adabu,
na kiti chake cha mbele kilikuwa sawasawa na goti.
Lakini buti! Buti lake ni mfuko wa shati.
Kiti cha baba kingekalia mahali pangu,
na tumbo lake lingelamba korongo mpaka mawe.

Abungu akauliza, "Kwani madam,
unanunua gari au unashona suti?"
Nikamwambia: ndiyo.

Sasa ninyi wenye kalamu.
Mnaorefusha pua ili gari lionekane lina hasira,
pua haibebi mtu.
Mnaoinua mabega hadi dirisha likawa tundu la kufuli,
baba yangu hupenda kutazama chai ya watu ikichumwa,
ndiyo starehe iliyombakia.
Nanyi mnaopunguza, mbona daima mnaanzia nyuma,
kana kwamba mwenye gari dogo
hana gunia, hana shangazi, hafiwi?

Saa tisa mvua ikaja bila hodi.
Nilirudi na kamba imelowa begani.
Jioni nikaipima tena langoni, kuhakikisha tu,
na lango likaizidi kamba kwa vidole vinne.
Katani ikilowa hujikunja.
Baba angeniambia, kama ningemuuliza.

Alikuwa barazani, ananitazama nikihangaika.
"Nguzo ya kushoto," akasema,
"niliisimamisha siku niliyogombana na fundi.
Imepinda tangu hapo. Ibomoe."

Na goti, baba?

Hakujibu. Alinyoosha kidole
kwenye kigoda cha kukamulia,
kilichokaa bila kazi tangu ng'ombe akauke,
miguu mitatu, kimo cha shubiri moja na kitu.

Kesho narudi kwa Abungu.
Kamba nimeianika.
Kigoda nimekiosha.