Mizani ya Shashi

Kazi yangu ni kupima.
Daktari anapasua, mimi napokea shashi zilizolowa,
naziweka moja moja juu ya mizani ndogo ya buluu
ambayo sokoni kwetu Arua ingepimia ufuta.
Shashi kavu ni gramu kumi. Natoa kumi.
Kinachobaki ni Kyarisiima.

Ni Januari, shule zimefungwa,
na hapa Mulago tunajua maana yake:
wanafunzi wako makwao, na mishipa yao iko makwao,
na friji ya damu unaiona hadi ukuta wa nyuma.
Tumepewa mifuko mitatu
kwa msichana wa miaka kumi na minne kutoka Kabale.
Homa ya koo ilimpata akiwa darasa la tatu;
kila mtu alidhani imepita,
kumbe imeingia ndani kuketi kwenye vali,
ikaikunja kama jani la mgomba lililopitishwa motoni.

Kiswahili changu ni cha kambini, cha baba yangu koplo.
Wenzangu hunicheka nacho.
Lakini ndicho kilichonifundisha kuogopa silabi moja.
Funga, fungua.
Ziba, zibua.
Fuma, fumua.
Damu huganda, na humo humo mwilini yumo mwenye kugandua,
fundi wa zamu ya usiku, wala si mbaya:
hufumua nyavu zilizokwisha kazi
ili mito ipite.
Siku nyingine namshukuru.
Leo kifua ki wazi, damu inazungushwa nje,
kwenye mipira, kwenye pampu, hadi imesahau kwao,
na fundi akiamka katika vurugu hiyo
hachagui. Hufumua hata mfumo wa dakika hii.

Kwa hiyo Okiror, daktari wa usingizi, alimuwahi,
kabla msumeno haujagusa mfupa.
Traneksamiki: maji yasiyo rangi,
bei yake haifiki ya kuku.
Haifumi kitu. Haizibi tundu,
tundu lina sindano yake na uzi wake.
Inamshika tu fundi mkono: ngoja kwanza.
Okiror aliuliza kilo za mtoto mara mbili,
akaziandika, akauliza tena,
maana ikizidi, ubongo nao una lake la kusema;
nimewahi kumshika miguu mzee aliyetikisika
siku ya pili, kidonda chake kikiwa kikavu kabisa.

Saa sita. Saa saba na robo. Pampu ikanyamaza.
Moyo ulisita kidogo,
kama mgeni asiye na hakika na nyumba,
kisha ukaingia.
Nikangoja shashi nzito.
Arobaini. Kumi na nane. Tisa.
Moja ilikuja na doa la waridi pembeni tu,
nikaipima hata hivyo.

Baba yake, Turyahebwa, alikuwa utingo wa malori ya Mombasa,
basi tukaelewana pale ngazini.
"Imemwagika ngapi?"
Nikamtajia mililita. Akaendelea kunitazama,
kana kwamba nimekohoa.
Nikasema: chupa moja ya soda, na mafunda mawili.
Akatazama viganja vyake.
"Mimi nilijiandaa kwa ndoo."

Sijamwambia amepona. Bomba la kifuani bado linadondosha,
kila saa nachora kistari cha kalamu,
na usiku una saa nyingi.
Lakini mfuko wa tatu haukufunguliwa.
Niliurudisha mwenyewe, kwenye sanduku la barafu.
Hauna jina. Una namba, na tarehe ya juma la mwisho la shule:
mtu fulani wa kidato cha tatu alikunja ngumi,
akageuza uso asiione sindano,
akapewa biskuti.

Mlinda friji akashangaa. "Hamkuutaka?"
"Tuliutaka sana," nikasema.
Akaupangusa, akaulaza.
Rafu ikawa na mfuko mmoja.