Timboni, Mwezi wa Saba

Muuguzi wa Utange aliniambia: tembea.
Hakusema wapi.
Basi Jumapili hii ya kipupwe, na sukari yangu
ikipanda kama bei ya unga, isishuke,
mimi na wifi yangu Mwanamkuu tumevaa sweta
(ndiyo, sweta, na watu wa bara wacheke)
tukaifuata njia ya malori yasiyopita tena
hadi pale ardhi inapokatika ghafla
kama mkate uliotiwa kisu.

Tukashuka.

Watoto wa mtaani huliita korongo.
Ndege wa jina hilo sikumwona.
Niliona kuta, kuta tupu, weupe uliochakaa,
na mistari ya msumeno imelala sambamba
kama daftari la mtoto asiyejua bado kuandika.
Kusi ilibaki juu, ikichana mivinje.
Huku chini hata ncha ya kanga haikupepea.
Baridi ilikuwa imekaa tu, kama mgeni
aliyefika kabla wenyeji hawajaamka.

"Usiguse," akasema Mwanamkuu, "pana nge."
Niligusa.
Ndani ya ukuta mlikuwa na kombe, mzima, amefumba,
na tumbawe lenye mikunjo kama ubongo wa mbuzi,
na vijitundu ambamo kitu fulani kiliwahi kuishi
kikipumua maji.
Bahari ilipanga hapa, ikahama, haikuchukua vyombo.

Nikaanza kupima kwa hatua, sijui kwa nini.
Kumi na mbili urefu, tisa upana:
sebule, vyumba viwili, jiko.
Nikasimama.
Nyumba yangu ya Kisauni ilitoka humu, jiwe kwa jiwe,
na hili ninalolikanyaga ndilo umbo lake lililosalia,
hewa yenye pembe nne.
Ya jirani ile pale. Na madrasa. Na ukuta wa kanisa.
Mji mzima uling'olewa hapa kama meno,
ufizi ukabaki, umepoa, hausemi.

Shee alikata mawe humu miaka kumi na tisa.
Jioni alirudi mweupe, kuanzia kope hadi visigino,
watoto wakimkimbia wakidhani zimwi,
naye akicheka, akizungumza kwa kupiga kelele
kana kwamba mashine imemfuata hadi mezani.
"Punguza sauti, baba, sisi si viziwi."
Nilimwambia hivyo. Mimi, kwa kinywa changu.
Mwaka wa mwisho akanyamaza.
Nikamshukuru Mungu, nikadhani ni utu uzima.
Kumbe masikio yalikuwa yameshamwaga,
naye akaona haya kusema asichokisikia.

Siku hizi namwita kwa kugonga meza.
Mbao ikitikisika, ageuka.
Jina lake sijalitamka nyumbani mwaka wa nane huu;
jina la mtu lataka sikio.

Mwanamkuu ameketi juu ya jiwe lililokatwa likasahauliwa,
anafungua chupa ya chai ya tangawizi.
Mvuke unapanda wima, wima kabisa.
Sikuomba ruhusa. Nilirudi katikati ya sebule ile ya hewa,
nikajaza kifua, nikaita:

Shee!

Ukuta wa mashariki ukalipokea, ukampa mwenzake,
naye akampa mwingine nisiyemwona,
na jina likarudi limepoteza kichwa,
– ee,
– ee,
kama mtu anayeitika huku akifunga vifungo vya shati
na yu njiani.

Magoti yangu yalitaka kukaa. Nikayakatalia.
Mwanamkuu akanyoosha kikombe bila kuniangalia,
chai chungu, haina hata punje ya sukari.
"Mwite tena," akasema.
"Kaka yangu mimi, tangu utotoni,
haji kwa mwito mmoja."